Kabla Hujanunua Pleti, Pima Springi

Pikipiki inayotoka Muhuru Bay na kreti za samaki inapandisha tangu inapoondoka ufukweni, kwa kuwa Ziwa Victoria liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari na nchi yote ya Migori iko juu yake. Ile inayotoka Isebania kwenda Kehancha, kisha Kegonga au Ntimaru, nayo ina vilima vyake vya kuhesabu, na mara nyingi nyuma imefungiwa gunia la mahindi la kilo 90 na juu ya gunia ameketi mwenye gunia. Hapo ndipo klachi iliyochoka inapojisema. Injini inalia, moshi unatoka, mkono wa petroli umezungushwa hadi mwisho, na pikipiki inatembea kama haitaki.

Ukiipeleka kwa fundi katika hali hiyo, jibu hutoka kabla hajaigusa: klachi imeisha, lete pleti. Huenda ana haki. Lakini nimeona pikipiki nyingi mno ambazo zimebadilishiwa pleti mara ya pili na ya tatu, na springi ndani ni zilezile zilizotoka nazo dukani. Baada ya miezi michache malalamiko yanarudi, fundi analaumu pleti za bandia, mwenye duka anamlaumu dereva, na dereva anaulaumu mlima. Springi hakuna anayezitaja. Nazo ndizo kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo ndani ya klachi, na kwenye pikipiki nyingi kuukuu za hapa zinatoka na kurudi bila kugusa hata pleti moja.

Nazungumzia hasa pikipiki za ukoo wa CG125. Honda ilianza kuiuza mwaka 1976, injini yake ikiwa na valvu zinazosukumwa na fito, iliyoundwa makusudi kwa nchi ambazo barabara ni mbovu na fundi yuko mbali. Viwanda vya China vikaiiga kwa majina chungu nzima, na Kenya ilipoondoa ushuru wa ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya sisi (cc) 250 mwaka 2008, zikajaa kila steji. Leo Boxer na TVS ndizo zinazobeba abiria wengi, ila zile za zamani bado ziko mashambani zikisomba tumbaku, maji na mchanga. Pamoja nazo zimo Yamaha AG100 za zamani, pikipiki ya maofisa wa kilimo na wa mashirika, ambazo sasa ziko mikononi mwa watu binafsi na hazielekei kufa karibuni.

Klachi ya mashine hizi imezama kwenye oili, upande wa kulia, nyuma ya kava kubwa. Ndani mna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa zamu: za kushika, zenye vipande vya rangi ya kahawia usoni, na za chuma tupu. Za kushika huzungushwa na injini, za chuma huzungusha giaboksi. Hakuna jino wala pini inayoziunganisha. Zinakwenda pamoja kwa sababu zimebanwa, na kinachozibana ni springi, nne kwa kawaida kwenye ukoo wa CG. Ukivuta mkono wa klachi unashindana na springi hizo. Ukiuachia, zinarudi kazini. Kwa hiyo kiasi cha nguvu kinachoweza kupita hutegemea zile nyuso zinashika kiasi gani, ni ngapi, ni pana kiasi gani, na zimebanwa kwa nguvu gani. Anayeweka pleti mpya amerudisha mshiko. Mbano ameurudisha nusu tu, kwa ule unene ulioongezeka, na nusu ya pili ameiacha kwenye springi zilizolegea.

Fuata hesabu hii. Namba zake ni za mfano tu, usiende nazo dukani. Tuseme springi ikiwa huru ina urefu wa milimita 35, na ikifungwa mahali pake inabanwa hadi 25. Imebanwa milimita 10, na hizo 10 ndizo nguvu yake yote. Ikizeeka ikafupika hadi 33.5, ukiifunga palepale imebanwa 8.5. Asilimia 15 ya mbano imekwenda, kwa upungufu ambao ukiishika springi peke yake mkononi hutauona. Sasa chukua pleti tano za kushika, kila moja imelika milimita 0.3. Jumla ni 1.5, na nafasi ambayo springi inajinyoosha ndani yake imeongezeka kiasi hicho. Umebaki na mbano wa milimita 7 kati ya 10. Klachi hutoka kiwandani na akiba, kwa hiyo mtu anayekwenda peke yake kwenye lami tambarare hataona lolote. Akiba inaisha siku ya gunia.

Na ikishaanza kuteleza, haisimami hapo. Kuteleza kunaleta joto, joto linazichosha springi na kuzichoma pleti, mbano unapungua, inateleza zaidi. Ndiyo maana klachi iliyovumilia miaka inaweza kumalizika kabisa katika msimu mmoja wa mavuno.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha ni klachi kweli. Tafuta barabara tambarare, weka gia ya juu ukiwa mwendo wa polepole, kisha zungusha petroli kwa ghafla. Klachi nzima itaifanya injini ivute kwa uzito na kupanda taratibu. Iliyochoka itaiachia injini ipande sauti mara moja huku mwendo ukibaki palepale. Kama badala yake unasikia mgongo wa pikipiki ukigonga na kuruka, tazama mnyororo na sproketi, kwani meno yaliyolika huruka kwa kishindo. Klachi huteleza kimyakimya. Harufu ya kuungua baada ya kupanda mlima ni ushahidi mwingine.

Halafu tazama waya wa klachi. Ncha ya mkono lazima icheze milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi uzito wa springi. Usipopata mchezo huo, waya umekazwa mno na klachi iko nusu imevutwa wakati wote, hata ukiwa umeiachia. Pleti zikilika ule mchezo hupungua wenyewe, na dereva asiyejua hukaza zaidi akidhani anatengeneza. Nimewahi kuona klachi "iliyokufa" ikifufuka kwa kulegeza nati ya kurekebishia waya, bila kutoa shilingi.

Oili ndiyo ya tatu. Kwa kuwa klachi inaogelea katika oili ya injini, oili isiyofaa inaitelezesha hata ikiwa na springi mpya kabisa. Tafuta kwenye mkebe alama ya JASO MA au MA2. Hiyo ni alama ya oili iliyopimwa kwa pikipiki zenye klachi ya namna hii. Oili za magari madogo ya kisasa, zile nyepesi zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisile petroli, ni nzuri kwa gari na ni sumu kwa klachi yako. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, ambayo hakuna ajuaye ilikotoka, siwezi kuisemea lolote jema.

Waya uko sawa, oili ni ile inayotakiwa, na bado inateleza: fungua.

Mwaga oili ikiwa na uvuguvugu. Toa kiki, na chochote kinachoziba kava. Kwenye nyingi ya hizi ni bomba la sehemu za kukanyagia miguu na pedeli ya breki. Chomoa waya wa klachi kwenye mkono wake mdogo ulio juu ya kava. Sasa chukua kipande cha katoni, chora umbo la kava, na kila skurubu unayoitoa ichome kwenye katoni mahali ilipotoka, maana hazina urefu mmoja. Ndefu ikiingia pafupi, itapasua ukuta wa injini, na hilo litakugharimu kuliko klachi nzima. Kwenye mashine za Kijapani za zamani skurubu hizo zina vichwa vya msalaba ambao si sawasawa na msalaba wa bisibisi za kawaida. Bisibisi huruka na kuharibu kichwa. Tafuta ncha inayokaa vizuri, igonge kwa nyundo kwanza ili skurubu ishtuke, ndipo uzungushe. Kava likigoma, ligonge kwa nyundo ya plastiki au gogo. Usichomeke bisibisi katikati ya kava na injini ukalibandua, kwani kila mkwaruzo utakaoacha pale ni mahali oili itakapotokea.

Ukishafungua utaona klachi mbele yako, na juu yake kisahani kilichoshikwa na boliti nne, katikati kina beringi. Chini ya kila boliti kuna springi. Hapa ndipo uzuri wa ukoo wa CG ulipo. Sahani inayobana pleti iko nyuma kabisa, na nguzo zake nne zinapenya hadi mbele kushika springi. Ukitoa kile kisahani cha juu, springi zinatoka na pleti zinabaki zimekaa. Ile nati ya katikati yenye mikato minne, inayohitaji spana yake maalumu, huigusi kabisa. Mafundi wengi hawana spana hiyo na huigonga kwa patasi mpaka meno yanaisha, kwa hiyo kama kazi yako ni springi peke yake, mwambie fundi wako mapema kwamba nati ile haimhusu. Kwenye Yamaha nyingi sahani ya kubana iko mbele: ukitoa boliti na springi, sahani inatoka na pleti zote zinafuata, na hapo kuzikagua hakukugharimu chochote. Kama ni Yamaha ya tu-stroki yenye pampu ya oili kwenye kava, angalia usichomoe mrija wake. Hewa ikiingia humo na usipoitoa, pistoni itakauka barabarani.

Usifungue boliti moja hadi mwisho ndipo uje nyingine. Legeza nusu mzunguko, nenda ile inayokabiliana nayo, kisha zile mbili nyingine, ukizunguka hivyo mpaka springi zote zimeacha kusukuma. Anayetoa moja yote kwanza anakipinda kisahani, na mara nyingine anavunja nguzo, ambayo ni aluminiamu.

Sasa simamisha springi zako za zamani juu ya kioo cha dirisha au meza iliyonyooka, pamoja na mpya. Ukiweka rula juu yao utaona kila kitu. Si ajabu kukuta kuukuu hazilingani hata zenyewe kwa zenyewe, na hiyo ni mbaya kuliko kuchoka kwa pamoja, kwa kuwa sahani itabana upande mmoja na kuachia mwingine, klachi iteleze ukiiachia na ikwame ukiivuta. Urefu peke yake hautoshi. Ukiwa na jiliwa, weka springi ya zamani na mpya zikitazamana, kitako kwa kitako, kisha ufunge taratibu. Zote mbili zinapokea nguvu ileile, kwa hiyo ile dhaifu ndiyo itakayofupika zaidi. Huhitaji kifaa cha maabara wala kitabu cha kiwanda.

Jaribio hilohilo lifanye na springi za dukani kabla ya kulipa, ukiweza, au angalau nenda na ya zamani mfukoni. Usiseme "springi za CG" ukanyamaza. Nakala za China zinafanana kwa nje na kutofautiana ndani, na maduka ya Isebania na ya Sirari ng'ambo ya mpaka yanauza za kila namna katika boksi moja. Linganisha kipenyo, idadi ya mizunguko na unene wa waya. Nunua seti nzima, hata kama tatu za zamani zinaonekana nzima. Na ukiambiwa kuna springi ngumu zaidi "za mzigo", zikatae isipokuwa injini imeongezwa nguvu, na yako haijaongezwa. Springi ngumu kuliko za kiwanda humchosha dereva mkono, hukata waya na kuila beringi ya katikati, na kitu unachopata badala yake ni kilo nyingi zaidi juu ya fremu ambayo haikuomba.

Kuna dawa ya mtaani ambayo lazima niiseme, kwa sababu utaikuta ndani ya pikipiki uliyoinunua kwa mtu: waasha chini ya kila springi. Kihesabu si upuuzi. Waasha ya milimita moja inarudisha mbano wa milimita moja. Tatizo ni kwamba springi ina mahali inapoishia. Ukivuta klachi inabanwa zaidi, na waasha zikiwa nene mizunguko inagusana kabla pleti hazijaachana. Ndipo gia inapoingia kwa kelele, pikipiki inataka kwenda ukiwa umesimama, na dereva anavuta mkono kwa vidole vyote mpaka waya unakatika. Tena chuma kilichoanza kulegea kinaendelea kulegea, kwa hiyo waasha za leo zitataka wenzao kesho. Kama umekwama Ntimaru jioni na gunia, weka, ufike nyumbani. Kuzivuta springi kwa koleo ziwe ndefu ni kazi bure hata kwa dharura; zitarudi ulipozitoa kabla ya kufika mbali.

Wakati kava limefunguka, jisaidie na mambo mawili. Kwenye CG, mwisho wa krenki upande huohuo kuna kikombe kidogo kinachozunguka, ambacho ndicho chujio cha oili. Uchafu hurushwa na kuganda kwenye kuta zake. Toa skurubu za kifuniko chake, futa tope lote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pikipiki ambazo hazijawahi kufunguliwa huwa na tope gumu humo la kukwangua. Pili, tazama kingo za kile kikombe kikubwa cha klachi, mahali masikio ya pleti yanapokaa. Kama masikio yamechimba vijinafasi, pleti zinakwama humo, na hakuna springi itakayoponya hilo. Vidogo vinapigwa tupa. Vikiwa virefu, badilisha kikombe.

Vipi kuhusu pleti zenyewe? Zikiwa nyeusi, zinanuka, au vipande vya kahawia vimekaribia usawa wa chuma, hapo fundi alikuwa na haki, badilisha zote pamoja na springi. Pleti za chuma zenye rangi ya bluu zimeungua. Ziweke juu ya kioo, na ikiwa zinayumba, hazifai. Pleti mpya za kushika zilowekwe ndani ya oili saa kadhaa kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, ila kwa jambo moja ambalo watu hulikosea. Boliti za springi kwenye CG hukazwa mpaka kisahani kikalie nguzo, basi. Ni boliti za milimita 6 zinazoingia kwenye aluminiamu, na nyutoni-mita 10 hivi zinatosha, yaani kukaza kwa mkono mmoja ukishika spana fupi karibu na kichwa. Nguvu ya klachi inatoka kwenye urefu wa springi, na kisahani kikishakaa, kukaza zaidi hakuongezi mbano hata chembe. Kunaongeza tu uwezekano wa kukata uzi. Kaza kwa msalaba kama ulivyofungua.

Kwangua gasketi ya zamani yote, weka mpya. Ikikosekana dukani, ya karatasi iliyokatwa kwa umbo la kava inafanya kazi vizuri kuliko kava kupakwa silikoni kama mkate unavyopakwa siagi. Silikoni inayobonyea ndani hukatika na kwenda kuziba njia za oili. Angalia zile pini mbili za kuongozea kava ziko mahali pake. Tia oili mpya, karibu lita moja kwa nyingi ya injini hizi, washa dakika chache, zima, subiri, pima tena kwa kijiti. Rekebisha waya mpaka ncha ya mkono icheze zile milimita 10 hadi 20. Siku za mwanzo rudia kipimo hicho, maana vitu vipya hukaa.

Baadaye ni mikono ya dereva. Pikipiki haishikiliwi mlimani kwa klachi nusu, breki zipo. Kwenye foleni ya mpakani weka gia huru badala ya kukaa umevuta mkono. Kupanda na mzigo, shuka gia mapema, usisubiri injini ikohoe ndipo uisaidie kwa kuteleza klachi. Na sheria ya Kenya inampa bodaboda abiria mmoja. Wanaopanda watatu wanapanda juu ya springi zako.

Kama pikipiki ni yako na dereva anakuletea hesabu jioni, usikubali neno "nimebadilisha klachi" bila kuona. Mwambie fundi akuwekee vitu vya zamani. Ukipewa pleti peke yake, uliza springi ziko wapi. Ukipewa springi, zihesabu na uzilinganishe urefu, kisha ondoka nazo na uzipindepinde kabla ya kuzitupa, kwa sababu zikibaki kwenye mkebe wa fundi zitapakwa mafuta na kuuziwa mtu mwingine kama mpya, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.